Bei ya Hedifoni Niliyoitaja Mwenyewe

Nsambya, nyumba za reli
Alasiri

Ochan mwanangu,

Mashati yako matano nimeyapiga pasi, chapati nimezifunga kwenye kitambaa, na wewe hupo. Umekwenda Kibuli kuwaaga wazazi wa Zaituni. Umesema utarudi kabla giza halijaingia, kwa sababu ya askari wa vizuizi vya barabarani, nami nikakujibu, "Haya, wasalimie," kama mtu asiyejali. Ninajali sana. Jioni yako ya mwisho Kampala umeigawa, na kipande kikubwa umempelekea binti wa fundi cherehani. Mimi nimebaki na peni ya baba yako na wivu wangu.

Sitakuandikia habari za sweta, wala maji ya kuchemsha, wala watu wa kukwepa ndani ya basi. Hayo nimeyasema tangu Jumapili, na jana uliniitikia "Ndiyo mama" kabla sijamaliza kusema. Barua hii nitaiweka ndani ya boksi lililo chini kabisa ya mkoba wako. Utakapoifungua utakuwa umeshavuka mpaka wa Busia, pengine umeshafika Nairobi. Nimepanga iwe hivyo. Kuna jambo nimekukosea, na sina moyo wa kukutazama usoni wakati unalisikia.

Linahusu zile hedifoni zako. Najua utashangaa, maana wewe unadhani ni zawadi niliyojinyima ili uipate. Ulinishukuru kwa ajili yake, na shukrani ile imenikaa kooni miaka miwili.

Ngoja nianze mbali kidogo, nisije nikaonekana shetani tangu mstari wa kwanza. Ulipokuwa na miaka tisa baba yako alikuletea gitaa la mbao kutoka Tororo, alilolipata kwa dereva mwenzake wa treni. Ulikuwa ukipiga umekaa kwenye kizingiti cha jikoni, mimi nachambua maharage. Gitaa sijui kulishika, lakini kulisikiliza najua, kwa kuwa ujana wangu wote niliimba mbele ya magitaa kule Bukavu. Ukikosea nilisema, "Rudi hapo," nawe ukarudi. Ukipatia niliimba. Watu wa nyumba hizi walizoea kutusikia. Mama wa nyumba ya tatu alikuwa akisema chakula chake hakiivi mpaka sisi tuanze. Ule ndio ulikuwa wakati wangu mzuri kuliko wote katika mji huu, na baba yako asichukie nikisema hivyo. Mimi na baba yako tulikutana kwa Kiswahili kwa sababu yeye hakujua Kibembe na mimi sikujua Kiacholi. Wewe na mimi tulikuwa na lugha yetu ya pili, ambayo hata yeye hakuijua.

Kisha Wahindi na Wagoa wakaamriwa kuondoka. Yule karani Mgoa wa nyumba kubwa ya ng'ambo ya barabara akamwachia baba yako gitaa lake la umeme na ampu yake ndogo ya kukuza sauti, kwa kuwa hakuruhusiwa kuchukua vitu vingi. Alipolikabidhi alilia. Baba yako alidhani analilia nyumba. Nyumba ile akapewa luteni, na wewe ukapata gitaa ambalo ukiligusa tu jikoni vikombe vinatetemeka.

Jumamosi ile unaikumbuka kuliko mimi. Luteni alisimama mlangoni na fulana yake nyeupe, akitabasamu, akauliza, "Nani iko napiga hiyo gitaa? Iko muzuri sana. Chukua, tunaenda." Wakakuchukua wewe na Hamisi, kaka yake Zaituni, pamoja na ngoma zake, mkawapigia sherehe yao hadi Jumatatu. Hakuna aliyekupiga, hakuna aliyekutukana. Walikupa nyama na bia, na kila ulipoweka gitaa chini mtu aliweka bastola juu ya meza na kukuomba wimbo mwingine kwa adabu. Ulirudi vidole vimevimba hata kikombe cha chai nikakushikia. Siku hiyo baba yako alisema neno moja tu: gitaa lisisikike tena nje ya kuta hizi. Mpiga gitaa anayesikika ni mali ya jeshi.

Ndipo ukaja na wazo la hedifoni. Fundi redio wa Katwe akatoboa tundu nyuma ya ampu, akafunga waya zake, akatuambia, "Sasa mulete hedifoni. Lakini si zile za watu ya simu. Zile iko napitisha maneno tu, besi haijui." Nikazihifadhi pesa kwenye leso miezi minne, tukaenda mjini mimi na wewe.

Duka lile lilikuwa la Mhindi wa redio na gramafoni, sasa ni la mke wa sajini. Rafu zilikuwa karibu tupu. Sabuni ilikuwa imepotea mji mzima, sukari ilikuwa ya kunong'onezana, lakini hedifoni zilikuwepo, kwa kuwa hakuna aliyezihitaji. Zilikuwa za aina tatu. Za simu ulizisukuma kando mara moja, nikajivunia. Zikabaki zile nyeusi nzito, zenye mito minene ya ngozi inayofunika sikio lote, na zile nyepesi za sifongo, zenye matundu mgongoni.

Ulichomeka zile nyeusi kwenye redio kubwa ya dukani, ukavaa. Nikaona uso wako ukibadilika. Ulifumba macho. Nilikuita, "Ochan." Hukusikia. Nikakuita tena, na nilikuwa karibu kiasi cha kukushika bega. Ulikuwa umekwenda mahali ambapo mimi sina njia ya kufika. Kisha ukavaa zile nyepesi, nikakuita kwa sauti ile ile, ukageuka, "Naam mama." Na hata ulipokuwa umezivaa, mimi niliyesimama kando niliweza kusikia redio ikivuja kwenye yale matundu, kidogo, lakini nilisikia.

Hapo ndipo nilipochagua. Wewe ulidhani bado tunatazama.

Ulikwenda kwenye rafu ya nyuma kutafuta nyuzi za gitaa. Mke wa sajini akaniinamia juu ya kaunta, akauliza polepole, "Wee mama, hii mukubwa Muhindi alikuwa anauza ngapi?"

Unayajua maduka yale. Wenyewe walipewa funguo, hawakupewa bei, basi mteja ndiye aliyeulizwa. Watu walitaja bei ya chini, wakalipa, wakacheka wakishafika barabarani. Hiyo ndiyo dhambi ya mji mzima, na hata masista wa misheni sidhani kama waliiungama. Mimi nilifanya ya kinyume. Bei ya zamani niliijua, kwa kuwa Mgoa alikuwa nazo kama zile na alikuwa akijisifu kwa baba yako jinsi alivyozipata rahisi. Pesa iliyokuwa kwenye leso yangu ingezinunua na chenji ingebaki. Nilimtajia mara tatu yake.

"Na hii ya sifongo?"

"Ile ni bei ndogo," nikamwambia, nikamtajia.

Uliporudi na nyuzi zako, alikuwa ameshajua biashara yake. "Kijana, hiyo nyeusi iko juu sana," akasema. "Mama yako anajua." Ulizichukua mara moja tena, ukafuta vumbi kwenye mto wa kushoto kwa pindo la shati lako, ukaziweka chini. "Basi mama, hizi nyepesi zinatosha. Usijisumbue." Njiani ulinibebea kikapu. Tulipofika kwenye mteremko wa reli ulisema, "Asante mama, najua umejinyima." Nikasema, "Si kitu." Neno hilo peke yake ndilo lilikuwa la kweli siku ile.

Nilipata nilichokitaka. Ulikuwa ukikaa kitandani na ampu chini, mimi navuta kiti karibu na pazia la chumba chako, na shati la kushona kifungo, na kile kigitaa kidogo kikanijia, chembamba kama mbu. Nilikufuata. Nilijua wimbo upi umeuacha na upi umeanza. Wiki tatu za kwanza nilikuwa mwanamke mwenye furaha, kisha siku moja nikajisahau nikasema, "Rudi hapo." Ukanyanyua kichwa. Usoni mwako hapakuwa na hasira, palikuwa na haya. Ukasema, "Mama, usisikilize. Bado najifunza."

Tangu hapo ulinipa mgongo ulipokuwa ukipiga. Nawe hukujua ulivyoniumiza, na mimi sikukwambia, nikaanza kuosha sufuria zilizo safi.

Kisha Zaituni akaanza kuja na Hamisi siku za Alhamisi. Binti mpole, kitambaa kichwani, viatu anavivulia mlangoni hata nikimwambia asivue. Nilimtafutia kasoro nikaikosa, hilo nalo likaniudhi. Hamisi alikuwa akipiga ngoma kwa vidole juu ya godoro, na kwa kuwa hedifoni zilikuwa pea moja tu, wewe ulichukua sikio la kushoto, Zaituni akachukua la kulia, vichwa vimegusana, akaimba kwa pumzi tu bila sauti. Zile nyeusi nzito zisingefunguka hivyo, mwanangu. Zina chuma kigumu, ni za kichwa kimoja. Zile nyepesi nilizozinunua ili nipate kukusikia mimi ndizo zilizompa yeye nafasi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nilimchukia. Naandika wazi kwa kuwa ukifika mbali utasikia watu wakisema mama zao wana mioyo mikubwa. Mimi nilimchukia msichana ambaye hakunikosea lolote, kwa sababu alikuwa akisikia gitaa la mwanangu lote na mimi nasikia linalovuja. Nilimchukia kwa sauti yake pia. Ni nzuri kuliko yangu ilivyokuwa. Na nilikuonea wivu wewe mwenyewe, hilo ndilo la aibu kuliko yote. Nilikuwa nikikutazama mgongo wako na kusema moyoni, kwa nini mwanangu apate muziki na mimi niliukosa.

Hukuwahi kuniuliza kwa nini niliacha kuimba. Baba yako huwaambia watu kwamba alinioa nikaacha, nami humwacha aseme, maana inampendeza. Si kweli. Kule Bukavu bendi yetu ilimleta mwimbaji wa pili, msichana wa Uvira mwenye meno mazuri. Usiku mmoja mkubwa wa bendi alimpa yeye wimbo ambao watu walizoea kunisikia mimi nikiuimba. Nilishuka jukwaani katikati ya dansi. Nilitembea polepole hadi mlangoni, makusudi, ili wapate muda wa kunifuata. Nilisimama nje nikihesabu nyimbo. Ilipigwa ya pili, ya tatu, ya nne, na watu ndani wakazidi kupiga makofi. Mwezi uliofuata nilimfuata shangazi yangu Kampala na mizigo yake ya vitenge. Bendi haikunifukuza. Nilijifukuza mwenyewe nikingoja kubembelezwa. Niliapa sitarudia ujinga ule, na bado nilivuta kiti hadi kwenye pazia na kuurudia nyumbani mwangu.

Sasa nifike penye uchungu.

Mwezi wa mfungo uliopita Zaituni alikuja peke yake, saa nne za asubuhi, wewe ukiwa umekwenda na baba yako stesheni. Alikataa kuketi. Alishika pindo la kitambaa chake akasema, "Mama Ochan, usikasirike. Ochan sikio yake ya kushoto inalia. Kama filimbi. Inalia hata yeye akilala. Yeye hataki nyinyi mujue, anasema mutamukataza gitaa."

Na unajua nilichomjibu? Nilimwuliza, "Amekuambia lini?"

Akasema, "Zamani kidogo, mama."

Hilo ndilo lililonichoma kwanza: zamani kidogo, na mimi nipo chumba cha pili. Msichana yule alikuwa amesimama mbele yangu na machozi kwa ajili ya sikio lako, nami nilikuwa nikipima ni nani kati yetu aliyeambiwa kwanza. Alipoondoka, nilikaa sana kabla wivu haujanitoka kichwani na akili ikapata nafasi ya kufanya kazi. Ndipo nikaelewa kwa nini linalia.

Nilikwenda hospitali ya mlimani, kule ninakofua mashuka, nikamwuliza nesi mmoja mzee, nikasingizia mtoto wa dada yangu. Aliniuliza, "Anasikiliza kwa sauti kubwa?" Nikasema hedifoni zake ni za wazi, zinaingiza makelele ya nyumba, basi anaongeza. Akatikisa kichwa. Mlio wa aina hiyo, alisema, hauna dawa anayoijua yeye. Unaweza kubaki ulivyo. Unaweza kuzidi. Kinachowezekana ni kutouongeza: apate kitu kinachofunika sikio vizuri, asikie kwa sauti ndogo.

Kinachofunika sikio vizuri. Nilikuwa nimekishika mkononi, mwanangu, na pesa ninayo.

Miaka miwili umekuwa ukiongeza sauti ili ushinde sufuria zangu. Kila nilipokuwa nikizigonga kwa wivu, wewe ulikuwa ukigeuza kile kifundo cha ampu mbele kidogo. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Nilikuwa nikiusema msemo huo kwa watoto wa majirani, sikujua utakuja kukaa mezani kwangu. Usijilaumu kwa mlio ule. Najua unajilaumu, Zaituni aliniambia hilo pia, kwamba unadhani ni tamaa yako ya kupiga sana. Hukukosea chochote. Ulinunuliwa kitu kibaya na mtu aliyejua kilicho kizuri.

Wiki iliyopita nilirudi kwenye duka lile. Zilikuwa pale pale, zile nyeusi, vumbi kidole kizima. Nilitaka kuwa mjanja, nikamwambia mke wa sajini kwamba nasikia siku za Mhindi zilikuwa bei ndogo tu. Akanitazama, akacheka sana. "Wee mama, si wewe mwenyewe ulinitajia? Mimi sisahau uso. Bei ni ile yako." Niliacha pale vitenge vyangu viwili vya Kongo, vile vya mama yangu, na pesa juu yake. Sikubishana. Ingekuwa aibu kubishana na bei yangu mwenyewe.

Kabla hajazifunga nilimwomba nizijaribu. Akawasha ile redio. Ochan, nilisimama katikati ya duka, mwanamke mzima na kikapu mkononi, nikasikia besi ikitembea peke yake chini ya wimbo, na gitaa la pili ambalo sikujua lipo, na mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuanza. Sauti yenyewe ilikuwa chini kabisa. Mke wa sajini alikuwa akisema nami, nikimwona mdomo tu. Nikafikiria ulivyokaa usiku baada ya usiku kwenye kile kitanda ukitafuta kwa nguvu kitu ambacho zile nyepesi hazikuwa nacho. Nililia, na mama yule akadhani nalilia vitenge, akaniongezea waya wa akiba.

Ziko ndani ya boksi hili ulilolifungua. Vaa.

Hedifoni hizi zikichakaa utanunua nyingine, na mimi sitakuwepo kukuharibia, basi nikuambie ninayoyajua, nimeyalipia. Usianze kujaribu kwa sauti kubwa. Kila hedifoni ni nzuri ikipiga kelele. Punguza mpaka karibu isisikike, kisha sikiliza kama ule uzi mnene wa gitaa bado unasikika. Zinazokupa uzi mnene kwa sauti ndogo ndizo zako, hata kama rangi imebanduka. Bonyeza mito kwa kidole. Ikikaa imebonyea, imekufa. Kunja kidogo waya pale unapoingilia kwenye sikio, usikie kama sauti inakatika, maana hapo ndipo huharibika mapema. Kichwa cha waya kiwe kinene kama tundu la ampu yako, usikubali cha kuunganisha-unganisha. Za bei ya chini zenye kufunika zipo, wala si lazima ziwe za matajiri. Na bei uliza mwenyewe, kwa mdomo wako, usimwachie mtu anayekupenda akuulizie pembeni.

Naona jua limeshuka kwenye paa la luteni. Juzi ameuliza tena, baba yako amekwambia: "Yule kijana ya gitaa iko wapi siku hizi?" Na jina la Kiacholi la baba yako limekuwa mzigo kwenye kila kizuizi tangu mwaka huu uanze. Kwa hiyo nenda. Moyo wangu wa mama unakusukuma kwenye basi kwa mikono miwili. Ule moyo wangu mwingine ungependa ubaki hapa, upige kimya, na mimi nikae karibu na pazia hadi uzeeke. Usiusikilize huo. Nimeusikiliza mimi, umeona ulikotufikisha.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukikasirika, kasirika vizuri, ni haki yako, na usinifichie kama ulivyonificha sikio. Lakini usianze na mimi. Nenda kwanza kwa Zaituni, maana mnasafiri pamoja, na ndani ya basi atakuwa kiti cha pili kutoka kwako na Hamisi katikati, kama baba yake alivyoamuru. Msomee barua hii yote, pamoja na pale niliposema nilimchukia. Neno la kwanza la hasira yako alisikie yeye. Kuandika sentensi hii kumenichukua muda kuliko kurasa zote hizo, nimeifuta mara mbili kwenye karatasi nyingine.

Na mkianza kazi ya muziki huko Nairobi, kwenye mazoezi, mwambie asikae ovyo ovyo. Akae kulia kwako siku zote, ndiko unakosikia. Mimi, siku Mungu atakapokurudisha, nitakaa kushoto, upande nilioharibu, na nisiposikika nitanyamaza nikungoje ugeuke.

Mama yako